Kadi Iliyojazwa Kabla ya Mchezo

Jamhuri ya Kherini msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Waliotumwa kuchora mipaka yake waliijaza ramani kwanza, kwa wino mzuri, ndipo wakaenda kuitazama nchi. Na walipoona nchi haifanani na ramani, wakaiandikia nchi barua ya onyo. Wapo wasomaji watakaosema wanaijua, hata kwamba wamezaliwa humo. Msimulizi hamo katika maneno hayo. Haya yalitokea mbali, kwa watu wengine kabisa, na kama kuna anayejiona ndani yake basi ajitazame vizuri.

Katika nchi hiyo mtumishi mkubwa akistaafu hatupwi kama ganda la muwa. Hupelekwa Pumzikeni, makazi ya wazee waliolitumikia taifa mpaka taifa likachoka. Kila mzee hupewa vyumba viwili, feni, kitanda cha chuma na picha ya Kiongozi Mlezi ya kutundika mahali ambapo macho yatakutana nayo asubuhi. Na ili wazee wasiote kutu, wamewekewa kiwanja cha gofu.

Kiwanja hicho kwenye taarifa kina mashimo kumi na manane. Aliyekwenda kuyahesabu kwa miguu yake alikuta saba, akaelezwa kwa upole kwamba kumi na moja yaliyobaki yako katika hatua za mwisho, na kwamba safari nyingine asihesabu bila kibali. Hayo saba yenyewe ni mafupi, maana yalibanwa palipopatikana nafasi. La kwanza linaanzia barazani kwa bwalo la chakula na kuishia jikoni, penye harufu ya vitunguu. La tatu linapita juu ya kamba za kufulia. Mpira ukinasa kwenye shuka, mchezaji husubiri shuka ikauke. La tano linakatiza zahanati, mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma, na nesi amezoea kuinua miguu bila kuacha kuandika. La sita linazunguka sanamu ya Kiongozi Mlezi, na kwa kuwa ni kosa la jinai kupiga kitu chochote kuelekea usoni pake, wachezaji hulipiga shimo hilo wakiwa wamelipa mgongo. La saba, la mwisho, liko kando ya makaburi ya Pumzikeni, hatua kumi na moja tu kutoka kaburi la karibu. Kamati iliona si vizuri kuwachosha wazee kwa safari mbili.

Cheo hakistaafu. Mpira wa katibu haupiti mpira wa waziri. Ukipita kwa bahati mbaya, huokotwa, ukarudishwa nyuma, na mwenyewe akaomba radhi. Lakini utaratibu unaosifiwa zaidi, ambao wageni wa nje hawakuwahi kuuelewa, ni ule wa kadi. Kwingineko watu hucheza kwanza, kisha wakaandika mapigo yao. Pumzikeni kadi hujazwa wiki mbili kabla, kwa mashine ya chapa, na kila shimo huandikwa pigo moja. Mashimo saba, mapigo saba. Baada ya hapo mchezo huchezwa ili kuitii kadi. Kombe la Uadilifu humwendea yule aliyefikiwa na zamu.

Mwaka huo zamu ilimfikia Mzee Matimbwa.

* * *

Mzee Matimbwa alikuwa Mkuu wa Idara ya Hesabu za Taifa kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko wa kuvutia, na hakuwahi kuiba hata bahasha. Hilo alilisema mara nyingi, na ni kweli. Kazi yake ilikuwa kujaza taarifa ya mavuno kila mwezi wa tatu, kabla mahindi hayajatoa mbelewele, na kuituma wilayani ili wilaya zijue zimevuna nini.

Mtu wa namna hiyo ukimletea kadi iliyokwisha kujazwa hashangai. Aliitazama, akaona saba, akaona chini yake mahali pa dole gumba la shahidi. Sheria ya Kherini ni kali: hakuna jambo la taifa linalokamilika bila kidole cha mwananchi wa kawaida. Pumzikeni mwananchi wa kawaida alikuwa mmoja tu, Bi Sikuzani, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyekata majani na kusawazisha mchanga kwa reki. Miaka minne alikuwa akitia dole kwenye kadi za watu, na hakuwahi kuuliza kitu.

Pamoja na kadi kulikuwa na wasifu wa mshindi. Ulibandikwa ubaoni siku tatu kabla ya mashindano, nje ya bwalo, ili watu wapate muda wa kushangilia kwa mpangilio. Ulisema kwamba Mzee Matimbwa ndiye aliyethibitisha kitaalamu kuwa katika Mwaka wa Neema, ambao maadui wa nchi waliuita mwaka wa ukame, hakuna mtu hata mmoja aliyefariki kwa njaa katika Bonde la Mselewa.

Mzee Matimbwa aliusoma akiwa ameshika kikombe cha uji. Aliurudia mstari wa mwisho, uji ukapoa.

* * *

Siku ya mashindano alipangwa kucheza na mwenyekiti mwenyewe wa kamati ya kiwanja, Mheshimiwa Mkupete, Waziri Mstaafu wa Mipango na Shangwe. Mkupete alikuwa na kitambi cha heshima na sauti isiyohitaji kipaza sauti, ingawa alikibeba. Pale shimo la kwanza, Matimbwa alipopiga na mpira ukaingia kwenye sufuria la mchicha, mwenyekiti alitangaza:

"Moja! Ndugu wastaafu, pigo moja safi, la kitaalamu na shirikishi!"

Wakapigiwa makofi kutoka madirishani. Mpira ulitoka kwenye mchicha, ukapigwa tena mara tano, ukaingia shimoni, na kila mtu akatazama pembeni kwa adabu.

Shimo la pili lina mtego wa mchanga, na mpira wa Matimbwa ukaingia humo. Mkupete alitangulia kivulini kupumua. Bi Sikuzani alikuwa ndani ya mchanga na reki yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mchanga wako leo mkaidi."

"Mchanga ni ule ule, mzee." Aliiegemea reki. "Samahani, nilikuwa na swali. Ile karatasi ya ubaoni, mtu mwenyewe ni wewe?"

"Ndiye mimi."

"Inayosema Mselewa hakufa mtu."

"Ndiyo... ndivyo ilivyoandikwa."

"Mimi kwetu Mselewa."

Mzee Matimbwa akapiga mpira. Mchanga uliruka, mpira ukabaki palepale. Akapiga tena.

"Usiwe na wasiwasi, mzee," alisema Bi Sikuzani, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mgonjwa. "Kidole changu wanakitaka saa sita, na nitakitia. Nina wanangu wawili wanaokula kwa reki hii, na nimeambiwa shahidi akigoma anaondoka siku hiyohiyo. Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Yule aliyeandika hakufa mtu, alifika?"

Mzee angeweza kusema mengi. Angeweza kusema taratibu, angeweza kusema ngazi za utawala, angeweza kusema mwanangu wewe hujui kazi za serikali. Maneno hayo yote alikuwa nayo, tena yamepigwa pasi. Lakini alikuwa amesimama mchangani, viatu vyeupe vimezama, na mwanamke yule alikuwa akimtazama bila hasira yoyote.

"Hakufika," alisema.

"Nilijua. Maana angefika angepita kwetu. Sisi tulikuwa njiani kabisa."

Akarudi kwenye kazi yake. Mzee Matimbwa aliona haya. Siyo ile haya ya kukohoa na kubadilisha mazungumzo. Ilikuwa aibu nzito, iliyoanzia miguuni na kupanda mpaka masikioni, na alitamani mtego ule wa mchanga uwe na kina zaidi. Alipiga mpira mpaka ukatoka. Halafu, bila kujua kwa nini, akajikuta anahesabu kimoyomoyo. Shimo la pili lilimchukua mapigo kumi na moja.

"Moja!" alitangaza Mkupete kutoka kivulini.

* * *

Inabidi hapa ielezwe habari ya meza.

Mwaka ule wa ukame, taarifa ilikuwa imeshakwenda juu. Kwenye safu ya waliofariki kwa njaa, Matimbwa alikuwa ameandika "Hakuna" kwa herufi zake nzuri, na Kiongozi Mlezi alikuwa ameshalihutubia taifa akilitumia neno hilo mara nne. Wiki mbili baadaye ikaja barua kutoka kwa karani wa kata ya Mselewa. Ilikuwa fupi. *Kwa heshima naleta hesabu ya waliofariki kwa njaa katika bonde letu mpaka leo. Ni watu mia nne na kumi na wawili. Naomba maelekezo.*

Matimbwa aliisoma mara tatu. Hakuichana, yeye hakuwa mtu wa kuchana nyaraka. Hakuijibu pia, kwa kuwa jibu lingehitaji namba ya jalada, na jalada la jambo ambalo halikutokea halipo. Meza yake ilikuwa na mguu mmoja mfupi, inayumba kila akiandika. Akaikunja barua mara nne, akaisukuma chini ya mguu ule, na meza ikatulia. Alistaafu nayo. Idara ilimpa meza hiyo kama zawadi ya kuagwa, ikaletwa Pumzikeni kwa lori pamoja na barua yake, kwa sababu alipofika tu aliirudisha mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Miaka kumi na tisa meza ile haijatikisika. Mzee aliisifu kwa wageni.

* * *

Sasa alikuwa anahesabu na hawezi kuacha. Kwenye shuka alipiga tisa. Shimo la nne, nyuma ya tangi la maji, saba. Zahanatini nane, na nesi akainua miguu mara nane. Pale kwenye sanamu, akiwa amelipa shimo mgongo kama sheria inavyotaka, alipiga kumi na nne, na pigo la kumi na mbili liliupitisha mpira wake mbele ya mpira wa waziri. Akaomba radhi, ukarudishwa.

"Moja!" alisema Mkupete, safari hii karibu na sikio lake. "Mzee mwenzangu, mbona midomo inakuchezacheza? Unasali?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Mapigo."

Mwenyekiti alitazama huku na huku, kisha akainamisha kichwa. "Matimbwa, ndugu yangu. Umri huu? Kadi imeshachapwa. Ukianza kuhesabu leo, mtu wa kwanza kuaibika ni wewe. Hesabu ni kazi ya vijana, na hata wao tumewakataza."

La saba, kando ya makaburi, lilimchukua mapigo nane. Mpira ulipotumbukia, Matimbwa aliinua macho akaona kaburi jipya lililochimbwa akiba, la mshindi wa Kombe, safu ya mbele. Lilikuwa tayari na jiwe lake. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwepo. Tarehe ya kufa ilikuwepo pia, ilishakadiriwa.

* * *

Saa sita bwalo lilijaa. Palikuwa na wali, mapambo ya karatasi, na meza ndefu yenye Kombe, kadi, na kikopo cha wino wa kidole ambacho kifuniko chake kilipotea tangu serikali iliyopita. Bi Sikuzani alisimamishwa pembeni, amenawishwa mikono kwa sabuni ili dole litoke safi.

"Ndugu wastaafu," alianza Mkupete, "leo tunashuhudia uadilifu uliotukuka, uliokomaa, na uliothibitishwa kabla ya wakati wake! Nani atabisha? Mashimo saba, mapigo saba! Huyu ndiye aliyelinda heshima ya nchi Mselewa, na leo amelinda heshima ya mchicha wetu. Mwananchi, sogea uthibitishe kwamba umeona mapigo saba."

Bi Sikuzani alisogea. Hakumtazama mtu. Alinyoosha mkono wake wa kulia kuelekea kwenye wino, na Mzee Matimbwa aliona kwamba dole lile gumba lilikuwa na sugu ya reki, limepasuka katikati.

"Sitini na tatu," alisema.

Bwalo likacheka. Wazee wa Pumzikeni wanapenda utani baada ya wali.

"Nimepiga sitini na tatu. Nimehesabu mwenyewe. Na Mselewa walikufa watu mia nne na kumi na wawili, barua ilinifikia, nikaificha. Nimekuwa nikiona haya toka asubuhi, na ninadhani nilitakiwa kuanza miaka kumi na tisa iliyopita."

Kicheko kilikoma vipande vipande, wa mbele kwanza, kisha wale wenye masikio mazito. Halafu bwalo likafanya jambo ambalo ni wao tu wangelifanya: likampigia makofi. Walisimama. Mzee mmoja, aliyewahi kuwa jaji, alifuta machozi.

"Unyenyekevu gani huu!" alinguruma Mkupete. "Mtu ana saba, anajishushia sitini na tatu! Hakuna aliyekufa, yeye anajitwika mia nne! Katibu, andika: mshindi ameonyesha unyenyekevu usio wa lazima. Sitini na tatu ni saba kwa hesabu ya zamani. Mwananchi, tia dole."

Mzee Matimbwa alisimama akiwa na mdomo wazi. Alikuwa amejiandaa kuzomewa. Kwa makofi hakuwa amejiandaa, na makofi yalimuumiza kuliko chochote. Aliuona mkono wa Bi Sikuzani ukinyooka tena. Hakuwa na hotuba nyingine, na hata angekuwa nayo wangeishangilia. Basi akanyakua kile kikopo cha wino na kukitia mfuko wa nyuma wa suruali.

Kumbukeni kifuniko hakipo.

"Rudisha wino!" alisema Mkupete.

"Sirudishi."

Akageuka, akatembea katikati ya bwalo kuelekea mlangoni, mzee wa miaka sabini na nne mwenye suruali nyeupe, na wino wa buluu ukimteremka makalioni mpaka kwenye kisigino, huku taifa zima la wastaafu likimtazama. Alijua inavyoonekana. Masikio yalimwaka. Lakini miguu iliendelea kwenda.

Wino ule ulikuwa wa pekee. Bila wino hakuna dole, bila dole kadi haijakamilika, na wino mpya Kherini huombwa kwa zabuni ya miezi minane. Mkupete alitaka mwanamke yule afukuzwe palepale, ila katibu alifungua kitabu cha taratibu, akasoma kwa masikitiko kwamba shahidi wa kadi isiyokamilika haruhusiwi kuondolewa kazini mpaka kadi ikamilike.

* * *

Saa kumi alasiri Bi Sikuzani alibisha hodi. Alikuwa ameshika mpira wa gofu.

"Umeusahau kwenye shimo, mzee."

Mzee Matimbwa alikuwa amevaa kanzu, na suruali ilikuwa imelowekwa kwenye ndoo, maji yamekuwa ya buluu. Alimkaribisha kiti, akapiga magoti kwa tabu, akainua meza kwa bega. Akavuta karatasi iliyobanwa mpaka ikawa nyembamba. Akampa, akabaki palepale chini, maana kuinuka kulihitaji nguvu na hakuwa nayo.

Bi Sikuzani aliikunjua taratibu ili isikatike, akaisoma.

"Huyu ni karani Mtepa," alisema. "Alikuwa na baiskeli isiyo na breki. Alipita nyumba kwa nyumba. Kwetu aliandika wawili, babu na kaka." Aliitazama tarehe. "Hii imeondoka Jumatano."

"Ndiyo."

"Somoe alikufa Alhamisi. Mdogo wangu. Karani alivyokuja, alikuwa bado anapumua, tena alimwomba kengele ya baiskeli aipige." Akaiweka barua mezani. "Kwa hiyo ni mia nne na kumi na watatu, mzee."

"Nisamehe, mwanangu."

Bi Sikuzani alifikiri kweli. Hakuwa akimtesa, alikuwa anapima kama jambo hilo lipo ndani ya uwezo wake.

"Mimi ni mmoja tu," alisema. "Hao wengine hawakunituma."

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akajivuta mpaka kwenye kiti, akachukua kalamu, akauliza jina kamili na umri. Somoe binti Chande, miaka sita. Aliinamia meza kuliandika chini ya barua, na meza, ambayo sasa mguu wake ulikuwa hewani, ikayumba. Herufi zilikwenda upande. Mtu aliyesifiwa mwandiko nchi nzima aliandika kama mtoto anayejifunza, tena alifuta jasho mara mbili.

"Unaipeleka wapi sasa?" aliuliza Bi Sikuzani.

Mzee Matimbwa alitafuta ofisi inayohusika. Aliipitia serikali nzima kichwani, ghorofa kwa ghorofa, na kila mlango aliofungua alijikuta yeye mwenyewe ameketi ndani. Hakuweza kumtazama usoni.

"Basi nipe mimi," alisema mwanamke. "Karani Mtepa yuko hai. Hajawahi kuacha kuuliza kama ilifika."

Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaaga, akarudi kiwanjani kumalizia shimo la pili kabla jua halijazama.

Kombe bado liko bwaloni likisubiri wino. Na meza ile inayumba mpaka leo. Fundi wa Pumzikeni amekuja mara mbili na kipande cha mbao, na mara zote mbili Mzee Matimbwa amemwambia aiache.